Uchaguzi wa matairi ya gari

Uchaguzi wa matairi ya gari ni kazi ya kupata matairi ya kuchukua nafasi ya yale yaliyolika, yaliyozeeka au yaliyoharibika. Mambo makuu yanayoangaliwa ni ukubwa wa tairi, uzito linaoweza kubeba, mwendo linaoweza kustahimili, muundo wake wa ndani, umri wake, na hali ya hewa na barabara za mahali gari linapotumika.

Swali linaloulizwa mara nyingi madukani na kwenye magereji ni kama inafaa kuchanganya matairi ya kampuni mbalimbali katika gari moja, maana wenye magari wengi hawawezi kununua matairi manne kwa mara moja. Kwa kifupi, matairi mawili ya ekseli moja yanapaswa kuwa ya kampuni moja, ya mchoro mmoja na yaliyolika kwa kiasi kinachokaribiana. Ekseli ya mbele na ya nyuma zinaweza kuwa na matairi ya kampuni tofauti katika magari mengi ya kawaida, mradi ukubwa, muundo na uwezo wake vilingane. Magari yanayoendeshwa kwa magurudumu manne wakati wote yana masharti makali zaidi.

Kazi ya tairi

Tairi ndiyo sehemu pekee ya gari inayogusa barabara. Eneo linaloguswa na kila tairi ni dogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Gari la kilogramu 1,200 huweka takriban kilogramu 300 juu ya kila gurudumu, yaani nguvu ya karibu nyutoni 2,940. Ikiwa upepo ndani ya tairi una shinikizo la kilopaskali 220, ukigawa nguvu hiyo kwa shinikizo unapata karibu sentimita mraba 134. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, kwa sababu ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ndogo ya mzigo, lakini inatosha kuonyesha kwamba gari zima linashikiliwa na maeneo manne, kila moja likikaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kufunga breki, kukata kona na kuongeza mwendo kote kunategemea maeneo hayo manne.

Sehemu ya mpira yenye michoro inayogusa barabara huitwa kashata. Mifereji yake si pambo: kazi yake ni kuondoa maji chini ya tairi. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya kina cha milimita 7 hadi 8. Mifereji inapopungua kina, maji hukosa pa kwenda, na kwa mwendo mkubwa tairi huanza kuelea juu ya maji kama mtumbwi. Katika barabara kavu tairi lisilo na kashata linaweza kuonekana linashika vizuri, na ndiyo maana madereva wengi hawaoni hatari ya tairi kipara mpaka mvua inyeshe.

Tairi la kujazwa upepo lilisajiliwa kwanza na Mskoti Robert William Thomson mwaka 1845, likasahaulika, likabuniwa upya na John Boyd Dunlop mjini Belfast mwaka 1888. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine na kufunikwa kwa mikanda ya waya za chuma chini ya kashata. Katika tairi la zamani matabaka ya nyuzi hukingamana kwa mshazari. Karibu magari yote madogo ya leo hutumia radiali.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Ubavu wa tairi una taarifa karibu zote anazohitaji mnunuzi. Mfano mzuri ni tairi la 195/65 R15 91H, ukubwa uliotumika katika matoleo mengi ya Toyota Corolla.

Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Herufi R inaonyesha kuwa tairi ni radiali. Wengi hudhani inamaanisha rimu, na kosa hili husikika hata kwa wauzaji. Namba 15 ndiyo kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni alama ya uzito, ambayo katika jedwali la kimataifa inamaanisha kilogramu 615 kwa tairi moja. Herufi H ni alama ya mwendo wa juu, hapa kilomita 210 kwa saa. Herufi nyingine zinazoonekana sana ni Q (160), S (180), T (190), V (240) na W (270).

Taarifa za tairi sahihi la gari fulani hupatikana kwenye kibandiko kilichopo kwa kawaida kwenye fremu ya mlango wa dereva, au nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta, na katika kitabu cha gari. Kibandiko hicho huonyesha pia kiasi cha upepo. Si busara kutegemea tu maandishi ya matairi yanayokutwa garini, hasa kwa gari lililonunuliwa likiwa limetumika, kwa sababu mmiliki wa awali huenda naye alifunga alichokipata.

Kiasi cha juu cha upepo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni mwisho wa uwezo wa tairi lenyewe. Hakipaswi kuchukuliwa kuwa kiasi cha kujaza. Gari dogo ambalo kibandiko chake kinasema kilopaskali 220 (karibu psi 32) likijazwa psi 44 kwa sababu namba hiyo ndiyo iliyosomeka ubavuni, matairi yake hugusa barabara kwa katikati tu, hulika katikati, na breki hupungua nguvu.

Ukubwa mbadala

Wakati mwingine ukubwa halisi haupatikani na muuzaji hupendekeza mwingine. Kipenyo cha tairi zima kinaweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote wa sekondari. Kwa 195/65 R15, ubavu ni 195 × 0.65 = milimita 126.75. Ubavu upo juu na chini, kwa hiyo milimita 253.5. Rimu ya inchi 15 ni 15 × 25.4 = milimita 381. Jumla ni milimita 634.5.

Tairi la 205/55 R16, ambalo huhitaji rimu kubwa zaidi, lina kipenyo cha milimita 631.9. Tofauti haifiki nusu ya asilimia moja, hivyo linaweza kufaa ikiwa rimu na nafasi ndani ya matao ya magurudumu vinaruhusu. Tairi la 205/65 R15 linaingia kwenye rimu ileile, lakini kipenyo chake ni milimita 647.5, yaani zaidi kwa asilimia 2. Mshale wa mwendo ukionyesha 100, gari linakwenda takriban 102. Hilo peke yake si janga, ila tairi pana zaidi laweza kugusa tao au springi usukani unapozungushwa hadi mwisho. Jambo lisilofaa kabisa ni kuweka ukubwa mmoja upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia.

Uzito kwanza, mwendo baadaye

Katika kuchagua tairi, watu hujadili jina la kampuni na bei, na mara nyingi husahau alama ya uzito. Kosa hili ni la hatari zaidi kwa magari ya abiria na mizigo. Toyota Hiace za kisasa, ambazo hutumika sana kama daladala na matatu, hutumia tairi la 195/80 R15 lenye alama 107/105 na herufi LT. Namba 107 inamaanisha kilogramu 975 kwa tairi moja. Rimu yake ni ya inchi 15, sawa na ya Corolla, na upana wa tairi ni uleule wa milimita 195. Tairi la Corolla kwa hiyo laweza kuingia kwenye rimu ya ukubwa huo bila fundi kutoa jasho. Lakini matairi manne ya alama 91 hubeba kilogramu 615 × 4 = 2,460 tu, ilhali Hiace iliyojaa abiria na mizigo yao hukaribia tani 3. Tairi linalobebeshwa kupita uwezo hujikunja zaidi katika kila mzunguko, hupata joto, na joto hilo hulegeza gundi kati ya mpira na waya. Matokeo yake ni kashata kubanduka au tairi kupasuka, kwa kawaida gari likiwa katika mwendo mkubwa na jua kali.

Kashata kubanduka kulijulikana duniani kote mwezi Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliporudisha matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihusisha matairi hayo na vifo zaidi ya 200. Kampuni mbili hizo zilishutumiana kuhusu chanzo, na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni kiasi kidogo cha upepo, psi 26, kilichopendekezwa kwa gari hilo.

Kanuni ya jumla ni kwamba alama ya uzito na ya mwendo ya tairi jipya isiwe chini ya ile ya kibandiko. Kuzidi hakuna ubaya.

Umri wa tairi

Mpira huzeeka hata kama gari limesimama. Jua, joto na ozoni hewani huufanya kuwa mgumu na kuleta nyufa ndogo ubavuni. Tarehe ya kutengenezwa hupatikana mwishoni mwa mfululizo wa herufi na namba unaoanza na DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye tarakimu tatu tu ni la kabla ya mwaka 2000 na halifai kutembelewa hata likionekana jipya. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo kama tairi limeshafungwa inabidi kuinama na kuangalia upande wa ndani.

Watengenezaji kadhaa, wakiwemo Michelin na Continental, hushauri tairi liondolewe likifikisha miaka 10 hata kama kashata bado ipo, na Michelin hutaka likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi. Baadhi ya watengenezaji wa magari huweka kikomo cha miaka 6. Tairi la akiba nalo lihesabiwe, kwa kuwa watu hulikumbuka siku ya pancha tu.

Kuchanganya matairi katika ekseli moja

Matairi mawili ya ukubwa mmoja kutoka kampuni mbili hayafanani kitabia. Hutofautiana katika mchanganyiko wa mpira, ugumu wa ubavu, idadi na mshazari wa mikanda ya waya, na mchoro wa kashata. Yakifungwa ekseli moja, la kushoto na la kulia hayashiki kwa nguvu sawa. Breki zikifungwa kwa nguvu, gari huvuta upande wa tairi linaloshika zaidi. Katika maji, lile lenye mifereji mibaya huanza kuelea kabla ya mwenzake, na gari hugeuka bila usukani kuguswa. Mifumo ya kielektroniki ya kuzuia magurudumu kujifunga na ya kuzuia gari kuserereka husaidia, lakini haiwezi kuunda mshiko ambao tairi halina.

Jina la kampuni peke yake halitoshi. Kampuni moja huuza michoro kadhaa yenye shabaha tofauti: mmoja wa kudumu, mwingine wa kupunguza matumizi ya mafuta, mwingine wa barabara za vumbi. Matairi mawili ya Bridgestone ya michoro tofauti ni tofauti kama ya kampuni mbili. Tena, majina ya biashara huchanganya: Firestone ni mali ya Bridgestone tangu 1988, BFGoodrich ni ya Michelin, na kwa miaka mingi jina la Dunlop lilitumiwa na Sumitomo huko Japani na Goodyear huko Ulaya. Kwa hiyo kinacholinganishwa ni jina la mchoro lililoandikwa ubavuni, pamoja na ukubwa na alama zake.

Hali ya kawaida ni hii: tairi moja limechanwa na chuma, na matatu yaliyobaki ni mazima. Kama tairi la akiba ni la ukubwa kamili na la mchoro uleule, hilo ndilo jibu rahisi. Kama sivyo, inashauriwa kununua mawili ya aina moja kwa ekseli moja, na lile zima lililotolewa liwe la akiba. Gharama inaonekana kubwa siku hiyo, lakini tairi lililotolewa halipotei.

Kampuni tofauti mbele na nyuma

Hapa ndipo penye ubishi mwingi. Watengenezaji wa magari hupendelea matairi manne yanayofanana, kwa sababu gari lilipimwa hivyo kiwandani. Hata hivyo, katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu mawili, jozi moja ya kampuni fulani mbele na jozi nyingine nyuma inakubalika na ni jambo la kila siku duniani kote, ikiwa ukubwa ni ule wa kibandiko, matairi yote ni radiali, yote ni ya aina moja ya majira, na hakuna jozi yenye uwezo wa chini kuliko unaotakiwa.

Jambo la kuamua ni jozi ipi iende wapi. Gari likikata kona, matairi ya mbele na ya nyuma kila moja huteleza kidogo kwa pembe ndogo isiyoonekana kwa macho. Ikiwa ya mbele yanaishiwa mshiko kwanza, pua ya gari hukataa kupinda na gari hutaka kwenda moja kwa moja. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, huondoa mguu kwenye mafuta, uzito husogea mbele, na mara nyingi mshiko hurudi. Ikiwa ya nyuma yanaishiwa kwanza, mkia wa gari hutoka nje ya kona. Dereva yuleyule huondoa mguu kwenye mafuta kwa woga, uzito husogea mbele, matairi ya nyuma yanazidi kuwa mepesi, na gari huzunguka. Kurekebisha hali hiyo kunahitaji mikono yenye mazoezi, na madereva wachache wanayo.

Kwa sababu hiyo jozi yenye mshiko bora zaidi, hasa kwenye maji, huwekwa nyuma. Kanuni hii ndiyo pia inayotumika kwa matairi mapya: yakinunuliwa mawili tu, yaende nyuma, na yale ya nyuma yaliyolika nusu yahamie mbele. Watu wengi hukataa ushauri huu. Husema, na kwa sehemu wanasema kweli, kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza gari, yanayobeba injini na yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Lakini hoja hiyo huhusu jinsi gari linavyofanya kazi likiwa limeshika barabara, ilhali kanuni ya nyuma huhusu kinachotokea mshiko unapokwisha. Michelin na watengenezaji wengine wakubwa hufundisha hivyo hata kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Sharti lake ni kwamba matairi yanayohamia mbele yawe bado na kashata ya kutosha. Kama ya nyuma nayo yamekwisha, kuhamisha hakusaidii. Gari hilo linahitaji manne.

Ili kujua jozi ipi inashika zaidi kwenye maji, njia rahisi kwa matairi yanayouzwa Ulaya ni lebo ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Novemba 2012 na kubadilishwa Mei 2021, yenye madaraja kutoka A hadi E. Matairi yanayouzwa Marekani huandikwa ubavuni daraja la mshiko: AA, A, B au C. Daraja hilo hupima kuteleza kwa mstari mnyoofu kwenye maji tu, halisemi lolote kuhusu kona. Namba ya kudumu iliyo karibu nalo, mfano 400, inalinganishwa na tairi la kipimo lenye 100. Mtengenezaji ndiye anayeitangaza, kwa hiyo inafaa kuisoma kwa tahadhari inapolinganishwa kati ya kampuni na kampuni.

Kuchanganya radiali na matairi ya nyuzi mkingamo ni jambo jingine kabisa. Nchini Uingereza kanuni za magari za mwaka 1986 zinakataza kuyachanganya katika ekseli moja, na kwa magari ya ekseli mbili yenye tairi moja kila upande wa nyuma zinakataza radiali mbele na nyuzi mkingamo nyuma. Sababu ni ileile ya mkia: radiali hushika kona kwa nguvu zaidi.

Matairi yanayoweza kutembea bila upepo kwa umbali mfupi, yaliyo kwenye magari mengi ya BMW, yana ubavu mgumu sana na hayapaswi kuchanganywa na ya kawaida. Magari kama Porsche 911 hutoka kiwandani na matairi mapana zaidi nyuma. Kwa hayo, tofauti hiyo ndiyo sahihi na hairuhusu kubadilishana nafasi.

Magari ya magurudumu manne

Katika gari linalopeleka nguvu kwenye ekseli zote mbili wakati wote, kama Subaru Forester au Toyota Land Cruiser Prado, kuna difu au klachi ya kati inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti kidogo, hasa wakati wa kona. Matairi yenye mzingo usiolingana huilazimisha ifanye kazi hata kwenye barabara iliyonyooka.

Tairi jipya la 195/65 R15 lenye kipenyo cha milimita 634.5 lina mzingo wa karibu milimita 1,993 na huzunguka mara 502 hivi kwa kilomita moja. Tairi hilohilo likilika milimita 5, mzingo wake hupungua hadi karibu milimita 1,962 na huzunguka mara 510. Tofauti ya mizunguko 8 kwa kila kilomita, kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, ni maelfu ya mizunguko ambayo klachi ya kati inalazimika kuimeza kama joto. Subaru hutaka mizingo ya matairi manne isitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani karibu milimita 6. Kwa kuwa mzingo ni kipenyo mara 3.14, hiyo ni sawa na tofauti ya kina cha kashata ya milimita 1 tu. Kampuni mbili zinaweza kutofautiana kiasi hicho hata matairi yote yakiwa mapya na yakiandikwa ukubwa mmoja, kwa sababu namba za ubavuni ni za kawaida na si vipimo kamili.

Hivyo kwa magari hayo hununuliwa matairi manne ya aina moja, na huzungushwa nafasi kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yalike pamoja. Anayebana matumizi kwa kununua mawili anaweza kulipa mara nyingi zaidi kwa kutengeneza kasha la gia. Magari ambayo dereva mwenyewe huunganisha ekseli ya mbele, kama Hilux na Land Cruiser nyingi za kazi, hayana shida hiyo kwenye lami, mradi asiunganishe penye ardhi ngumu na kavu.

Soko la Afrika Mashariki

Eneo hili liliwahi kuwa na viwanda vyake. Kiwanda cha General Tyre mjini Arusha kilizalisha matairi tangu miaka ya 1970 hadi kiliposimama kabla ya mwaka 2010. Nchini Kenya kampuni ya Sameer Africa, iliyotokana na Firestone East Africa, ilitengeneza matairi ya Yana jijini Nairobi hadi ilipofunga kiwanda mwaka 2016. Sasa matairi mengi hutoka nje, hasa China, India na Japani, pamoja na ya mtumba.

Magari yaliyotumika kutoka Japani mara kwa mara hufika yakiwa na matairi ya barafu. Hutambulika kwa neno STUDLESS ubavuni, kwa majina kama Blizzak ya Bridgestone au iceGUARD ya Yokohama, na kwa kashata yenye mikato mingi myembamba kama ya wembe. Mpira wake ni laini ili ubaki mnyumbufu kwenye baridi kali. Kwenye lami ya moto ya Mombasa au Dar es Salaam mpira huo hulika haraka, gari huyumbayumba, na breki huchelewa. Jozi ya namna hii nyuma na ya kawaida mbele ni mchanganyiko mbaya kuliko wa kampuni mbili za kawaida, hata kama kashata bado inaonekana nene.

Hatari nyingine ni tairi la kuchongwa, yaani kipara kilichokatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto na kuuzwa kama mtumba mzuri. Mikato hiyo hupunguza mpira uliobaki juu ya waya. Kuitambua kunahitaji kutafuta vijiti vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji, vinavyoonyesha kina cha milimita 1.6, ambacho pia ndicho kiwango cha chini cha kisheria katika Umoja wa Ulaya. Alama ya TWI au pembetatu begani mwa tairi huonyesha vilipo. Vijiti hivyo vikiwa vimekatwa, au mifereji ikiwa na kingo zisizo sawa na kina kinachobadilika, tairi hilo limechongwa. Baadhi tu ya matairi ya malori, yaliyoandikwa REGROOVABLE, hutengenezwa yakiwa na mpira wa ziada kwa ajili hiyo.

Matairi ya malori yaliyovikwa kashata mpya kiwandani ni kitu kingine na hutumika kihalali katika nchi nyingi. Hata hivyo sheria ya Marekani hairuhusu matairi ya namna hiyo kwenye magurudumu ya mbele ya basi.

Mnunuzi wa mtumba hupaswa pia kupitisha mkono ndani ya tairi. Kiraka kikubwa, waya uliochomoza, au unga mweusi wa mpira uliosagika ni dalili kwamba tairi lilitembezwa bila upepo, na ubavu wake umevunjika kwa ndani ingawa nje unang'aa.

Kufunga

Tairi lenye mshale ubavuni hufungwa likizunguka kuelekea unakoonyesha; lenye neno OUTSIDE, upande huo hukaa nje. Magurudumu hubalansiwa na alaimenti hukaguliwa, la sivyo matairi mapya yatalika upande mmoja kama yaliyotangulia. Nati hukazwa kwa mpangilio wa kukingamana, na kukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza fupi. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya safari ndefu. Tairi jembamba la akiba lenye herufi T mwanzoni mwa ukubwa wake hujazwa psi 60 na haliendeshwi zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Ni la kufikia kwa fundi wa pancha aliye karibu, na halihesabiwi kuwa nusu ya jozi yoyote.